Kipimo Alichokificha Fundi Kanjiro

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi. Saa kumi na mbili asubuhi fundi Suwabe Kanjiro alitoka nyumbani kwake, kama alivyotoka kila siku tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Alishuka ngazi za mawe hadi kwenye banda lake la mashua. Aliwasha jiko kwa maranda ya mwerezi. Alibandika birika. Kisha akaketi kwenye kigogo chake, mgongo umeegemea mbao.

Saa moja binti yake, Naeko, aliingia. Maji yote ya birika yalikuwa yamekauka na kitako chake kimekuwa chekundu. Naeko alilitoa birika motoni kwanza. Halafu ndipo alipomwita. Ndani ya banda lile hakuwahi kumwita Baba. Alimwita Fundi, kama mwanagenzi mwingine yeyote.

"Fundi. Birika limeungua."

Naeko alimgusa bega, akajua.

Fundi Suwabe Kanjiro alifariki akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Alijenga mashua mia moja na arobaini na mbili. Mia moja na arobaini na mbili, zote za mbao, zote za kufungwa injini nyuma, zote kwa ajili ya wavuvi wa pweza na wakulima wa machenza wa visiwa hivi vyetu. Wengi wenu mnaotusikiliza mmepanda mashua zake. Wengine mlizaliwa njiani ndani yake, mama zenu wakikimbizwa bandarini.

Naeko alituambia kwamba asubuhi ile hakulia. "Nilikasirika," alisema. "Nilikasirika mpaka masikio yakavuma. Nilisimama mbele yake nikamwambia, unaenda wapi? Hujanipa. Unaenda wapi na hujanipa?"

Alichokuwa anadai ni kipimo kimoja. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Kipimo kimoja tu.

Naeko alirudi kisiwani miaka mitano na nusu iliyopita. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiendesha lori la mizigo huko bara, akilala kwenye vituo vya lori, akila tambi za kumwagia maji ya moto. Yeye na mumewe walikwisha kuachana. Mtoto hakuwa naye. Alipanda feri na mabegi mawili, akapanda ngazi hadi nyumbani, akapiga magoti mbele ya baba yake mezani.

"Nataka kujifunza kujenga mashua," alisema.

Mzee alikuwa anakula wali wa pweza. Aliendelea kula. Mama yake, Bi. Tokie, ndiye aliyejibu.

"Wewe? Ulipokuwa mdogo alikufukuza bandani kwa ufagio. Alisema mwanamke akikanyaga mbao, mashua inanuna."

"Sasa mashua zimeisha zenyewe, Mama. Inune nini?"

Kweli zilikuwa zimeisha. Kila mtu alikuwa amenunua mashua ya plastiki. Mwaka ule Fundi Kanjiro alikuwa na kazi moja tu ya kutengeneza, kubadilisha ubao uliooza. Wanagenzi wake wa mwisho waliondoka kwenda viwandani kabla Naeko hajamaliza sekondari. Hapakuwa na mwingine. Katika ghuba yetu nzima hapakuwa na mwingine aliyejua kazi ile na bado anaweza kuinua nyundo.

Mzee alimaliza wali wake. Akaweka vijiti chini. "Ufagio uko pale pale," alisema.

Mwaka wa kwanza Naeko alifagia. Alifagia na kunoa. Alinoa patasi, randa, na meno ya misumeno, mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu kama kwato. Hakufundishwa kitu. Wazee wanaotusikiliza wanajua jinsi ilivyokuwa: fundi hafundishi. Mwanagenzi anaiba kwa macho. Ukiuliza swali, unaambiwa huna macho. Ukikosea, kazi yako inabomolewa bila neno.

Fundi Kanjiro alikuwa na neno moja. "Tena."

Mwaka wa pili Naeko aliruhusiwa kuunganisha mbao. Mashua za Fundi Kanjiro hazikuzibwa kwa pamba wala lami. Mbao mbili zinasimamishwa ubavu kwa ubavu, kisha msumeno unapitishwa katikati yake, mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka kingo zinalingana kiasi kwamba huwezi kupenyeza unywele. Halafu kingo zinapigwa nyundo, zinabonyea ndani kidogo. Mashua ikiingia majini, mbao zinavimba, kingo zinarudi, maji yanakosa pa kupita. Mlio ule wa nyundo, tok tok tok, watu wa bandari waliusikia kabla ya honi ya feri ya kwanza.

Naeko alipitisha msumeno. Mzee alikuja, akasukuma kisu chembamba kati ya mbao. Kikaingia.

"Tena."

Mara thelathini na nne. Naeko alihesabu. Alitusimulia hayo huku akicheka, na ndipo pekee alipocheka katika mazungumzo yetu yote. "Mara ya thelathini na tano kisu hakikuingia. Akakitazama kisu. Akaenda kukinoa. Akarudi kujaribu tena, mzee yule. Hakikuingia. Aliondoka kwenda kukojoa."

Radio ilikuwa juu ya rafu bandani, imejaa vumbi la mbao. Ilikuwa inafunguliwa kwenye stesheni hii hii. Kila Jumapili kipindi hiki cha kuwaaga marehemu kilipoanza, mzee aliizima. "Wanasifu wafu," alisema. "Mfu hahitaji." Tunajua, kwa sababu Naeko alituambia, na kwa sababu Bwana Hirokane alituambia kabla yake.

Bwana Hirokane mnamfahamu. Ni mvuvi wa pweza, ana vyungu mia nane vya kutegea baharini na mdomo usiotulia. Mwaka wa nne wa uanagenzi wa Naeko, Bwana Hirokane aliingia bandani akasema anataka mashua ya mbao. Ya plastiki inapiga kelele juu ya mawimbi, alisema, pweza wanamsikia kabla hajafika.

Fundi Kanjiro hakuinuka. Aliwaonyesha wote wawili ukuta kwa kidevu. "Ubao uko pale," alimwambia binti yake. "Jenga."

Ukutani ulining'inia ubao mmoja wa mwerezi, mrefu kama mlango. Juu yake ilichorwa mashua kwa wino mweusi, kwa ubavu, na pembeni yake vimeandikwa vipimo kumi. Hapakuwa na karatasi nyingine. Mashua zote mia moja na arobaini na mbili zilitoka kwenye ubao ule. Vipimo kumi, kwa sun na bu, kama mafundi wa zamani walivyopima. Sun moja ni sentimita tatu. Bu ni sehemu ya kumi ya sun. Tafadhali yawekeni akilini maneno hayo mawili, sun na bu. Tutayahitaji.

Naeko alijenga kwa miezi saba. Peke yake. Alifuata ubao neno kwa neno. Alipinda mbao za chini kwa moto na maji, akazikaza kwa magongo kutoka kwenye boriti za dari, gongo moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Kila siku baba yake alikaa kwenye kigogo chake, hatua nne kutoka hapo, akivuta sigara, akitazama.

Tulimwuliza kama alisema lolote kwa miezi yote hiyo.

"Alisema maranda yamejaa. Nifagie."

Mashua iliingizwa majini mwezi wa Oktoba, maji yakiwa yamejaa. Nusu ya bandari ilikuja. Pombe ilimwagwa omo, mbele ya mashua, ilimwagwa tezi, nyuma yake. Bi. Tokie alileta maandazi ya mchele. Bwana Hirokane akafunga injini yake ya nguvu za farasi kumi na tano, akaketi nyuma, akamwita Naeko apande mbele. "Twende dada, tukaone kama umeiba sawasawa!"

Walitoka polepole, vizuri kabisa. Watu walipiga makofi. Kisha Bwana Hirokane akaitia injini moto wote.

Omo iliinuka. Iliendelea kuinuka. Naeko aliona mbingu pale alipopaswa kuona bahari. Nyuma, tezi ilizama kama vile mtu ameikalia, maji yakapita juu ya ubao wa injini, injini ikakohoa ikafa. Mashua ikajaa nusu. Bwana Hirokane alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, ndani ya mashua, mbele ya bandari nzima.

Naeko alitazama ufukweni kumtafuta baba yake. Fundi Kanjiro alikuwa ameshageuka. Alikuwa anapanda ngazi kwenda kunywa chai.

Jioni ile alimwambia maneno mawili tu. "Ikate kuni."

Naeko aliikata. Ilimchukua siku tatu. Nyumba ile, kama nyingi zetu za zamani, inachemsha maji ya kuoga kwa kuni, na mkubwa wa nyumba ndiye anayeoga kwanza. Baridi yote ya mwaka ule Fundi Kanjiro alioga wa kwanza kila siku, katika maji yaliyochemshwa kwa mashua ya binti yake. Naeko alichochea moto. Alituambia, "Alikuwa anasema kutoka ndani, 'Ongeza kidogo.' Nikaongeza. Nilikuwa naijua kila kuni kwa jina. Hii ni ubavu wa kushoto. Hii ni ile niliyoipitishia msumeno mara tisa."

Wiki moja baada ya aibu ile, Naeko alienda kwenye ofisi ya ushirika kulipia injini ya Bwana Hirokane. Bwana Hirokane alikataa. Akamkalisha, akamnunulia kahawa ya kopo kutoka kwenye mashine ya nje.

"Dada, pole. Lakini ulifuata ubao?"

"Nilifuata kila kitu."

"Vyote kumi?"

"Vyote kumi."

Bwana Hirokane alikuna shingo. "Hukujua? Kila fundi anaweka uongo mmoja kwenye ubao wake. Kimoja kati ya kumi. Ubao unaning'inia hadharani, mafundi wengine wanakuja kunywa chai, wanaangalia. Kwa hiyo kimoja ni cha uongo. Cha kweli kiko kichwani."

"Wewe ulijua?"

"Kila mtu anajua, dada. Hata babu yangu alijua."

Wasikilizaji wapendwa, hapa tusimame kidogo. Kila mtu alijua. Watu wa bandari wote waliosimama pale na pombe mkononi walijua kwamba ubao ule una uongo. Walimwona mwanamke huyu akijenga kwa miezi saba, mlango ukiwa wazi. Walipita na mikokoteni yao ya machenza, wakasema kazi njema. Hakuna aliyemwambia. Mtangazaji huyu pia alipita. Mtangazaji huyu pia alijua, akadhani si kazi yake kusema.

Naeko aliacha kahawa mezani, akapanda ngazi zote mia moja na kumi. Baba yake alikuwa anachambua maharage na mama yake.

"Ni kipi?" alisema.

Mzee hakuinua kichwa. "Changu nilikitafuta mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mashua yangu ilizama na mkuu wa kijiji ndani."

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nina hamsini. Wewe una themanini na nne. Tuna muda gani?"

"Punje hii ina mdudu," mzee alimwambia mkewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vipimo kumi, kimoja cha uongo, na mtu mmoja tu duniani anayejua ni kipi. Naeko alikaa mwaka mzima akifikiri. Vuli iliyopita alianza mashua ya pili, kwa Bwana Hirokane huyo huyo, ambaye alisema hawezi kulowa zaidi ya alivyolowa. Naeko aliamua kwamba uongo uko kwenye mlalo wa ubao wa nyuma, ule unaobeba injini. Akaubadilisha huo. Tisa vingine akaviacha kama vilivyo. Baba yake akakaa kwenye kigogo, akatazama.

Sasa sikilizeni jambo hili. Vuli hiyo hiyo, mwezi wa Oktoba, daktari wa hospitali ya bara alimwambia Fundi Kanjiro kwamba moyo wake umechoka. Alimwambia asitegemee kuona majira ya mvua ya Juni. Bi. Tokie alikuwa kwenye chumba hicho. Mzee alimkataza kusema.

Alijua tangu Oktoba. Novemba alijua. Desemba alijua. Januari na Februari, akikaa hatua nne kutoka kwa binti yake anayepinda mbao kwa kipimo cha uongo, alijua kwamba anakufa. Alijua pia ni kipi. Akavuta sigara.

Jumatatu jioni, siku moja kabla ya kifo chake, Naeko alikuwa anafunga banda. Fundi Kanjiro alisimama karibu na mashua ya pili. Akavua kofia yake, ile ya kahawia yenye masikio. Ukutani kulikuwa na msumari wa kofia ile, na kwa miaka yote kofia ile ilikaa kwenye msumari ule. Jioni ile aliitundika kwenye gongo. Lile la nyuma kabisa, linaloshikilia ubao wa chini karibu na tezi. Akatoka kichwa wazi kwenye upepo.

Kesho yake alikufa.

Kwenye mazishi alikuja ofisa wa utamaduni kutoka makao makuu ya mkoa. Alikuwa na suti nzuri na karatasi. Alisoma kwamba marehemu alikuwa hazina ya mkoa, na kwamba aliurithisha ujuzi wake kwa kizazi kipya, mfano bora kwa wote. Alimwonyesha Naeko kwa mkono. Watu wakainamisha vichwa.

"Hakurithisha," Naeko alisema.

Hakupaza sauti. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, na kila mtu alisikia. Ofisa alitazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Bwana Hirokane akaanza kukohoa kwa nguvu sana, akakohoa mpaka mtawa akaamua kuendelea na sala.

Usiku wa matanga Bi. Tokie alimwambia binti yake habari za daktari. Halafu akamwambia habari za kofia, kwa sababu alikuwa ameiona.

"Baba yako hajawahi kutundika kofia popote isipokuwa msumarini kwake, mwanangu. Ile ni ishara."

Naeko alituomba tusome jibu lake kama alivyolisema. Tunalisoma. "Ishara? Mama, mtu ana mdomo. Ana mkono. Ana kalamu ya wino na ubao mbele yake. Akatumia kofia?"

Alikataa kuifuata kofia. Alisema hatajenga mashua kwa kubahatisha mawazo ya maiti. Badala yake, siku ya kumi baada ya mazishi, alichukua kamba ya wino, rula ya chuma na daftari la shule, akaanza kuzunguka visiwa kutafuta mashua za baba yake. Zile za zamani, zilizoelea. Hizo haziwezi kudanganya.

Alipata kumi na moja. Nyingine zote zilikuwa zimeoza au kuchomwa. Moja ilikuwa paa la banda la kuku. Moja ilikuwa kwenye matuta ya machenza, imefunikwa kifudifudi juu ya makreti, na mwenyewe, bibi mmoja wa miaka tisini, alitoka na mkasi wa kupogolea.

"Unapima nini wewe? Jeneza?"

"Mashua, bibi. Ilijengwa na baba yangu."

"Yule bubu? Alikaa hapa siku mbili kuniziba ufa, hakusema hata habari za hali ya hewa. Pima, pima. Ukimaliza nibebee kreti hizo."

Naeko alibeba kreti kumi na tisa.

Moja iko nyuma ya nyumba ya mtangazaji huyu. Imejazwa udongo, imepandwa vitunguu vya majani. Naeko alivihamisha vitunguu kimoja kimoja kwenye beseni, akatoa udongo, akalala chini na rula. Akapima vyote kumi. Akaandika. Akarudisha udongo, akapanda vitunguu upya, akavimwagia maji. Mvua ilikuwa inanyesha.

Vipimo tisa vililingana na ubao. Tisa, katika mashua zote kumi na moja, hata ule mlalo wa ubao wa nyuma alioubadilisha bure. Kimoja hakikulingana popote. Ni kipimo cha ubao wa chini, jinsi unavyoinuka kutoka katikati ya mashua kuelekea tezi. Ukiinuka sana, mashua inafaa kwa kasia, lakini ukiifunga injini, nyuma inakosa pa kukalia. Inazama. Omo inaenda mbinguni. Hicho ndicho kilichompata Bwana Hirokane.

Na kipimo hicho, kwenye mashua ya pili iliyokuwa bandani, kilikuwa kinashikiliwa na gongo la nyuma. Lile lenye kofia.

Tulimwuliza Naeko alijisikiaje alipojua kwamba kofia ilisema kweli. Alisema, "Vibaya zaidi. Kwa hiyo alitaka kusema. Alitaka, akashindwa kufungua mdomo hata siku ya mwisho. Miaka sabini ya kunyamaza ikamfunga taya. Na mimi nisingekuwa na miguu ya kuzunguka, kofia ile ingekuwa kofia tu."

Alifungua gongo, akalainisha mbao kwa maji ya moto, akazipinda upya. Aliifuta kofia vumbi la mwezi mzima, akairudisha msumarini. Miezi miwili na nusu akamaliza.

Kabla ya kuingiza mashua majini, fundi huchimba kishimo kwenye mbao, akaweka humo kifurushi cha roho ya mashua: nafaka, sarafu, na nywele za mwanamke. Kisha hukifunga na hakifunguliwi tena. Kwa mashua zake, Fundi Kanjiro alikata nywele za mkewe. Bi. Tokie alituambia, "Mara mia na arobaini na mbili alinijia na mkasi. Hakuna hata siku moja aliyosema asante. Andikeni hilo." Tumeliandika, Bi. Tokie. Safari hii Naeko alikata nywele zake mwenyewe.

Ilikuwa Julai. Watu walikuja tena. Safari hii hawakupiga makofi mapema. Naeko hakumruhusu mtu kupanda naye. Aliwasha injini mwenyewe, akatoka polepole hadi nje ya ukuta wa bandari, kisha akaitia moto wote.

Omo iliinuka kidogo, ikashuka, ikatulia. Mashua ilikaa juu ya maji sawasawa, ikakimbia. Bwana Hirokane alivua kofia yake. Wengine walianza kupiga kelele za furaha. Naeko alifika katikati ya ghuba, na hapo akazima injini.

"Tulidhani imekufa," Bwana Hirokane alituambia. "Nikaanza kufungua kamba nimfuate. Halafu tukasikia. Alikuwa amesimama kule peke yake, anamtukana baba yake. Kwa sauti ya dereva wa lori, bwana! 'Miezi saba! Ulikaa hapo miezi saba! Mzee mpumbavu! Mzee mpumbavu!' Maji yanaleta sauti, unajua. Tulisikia kila neno. Hakuna aliyecheka. Nadhani alikaa robo saa. Halafu akawasha, akarudi, akaniambia, chukua, ni yako, usiifunge injini kubwa kuliko hiyo."

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii ni ya kuwakaribisha wafu wetu nyumbani, na kwa Fundi Kanjiro ni mara ya kwanza. Taa imewashwa mlangoni kwake. Bi. Tokie amepika wali wa pweza. Tunatoa pole kwa Bi. Tokie, aliyeishi naye miaka sitini. Tunatoa pole kwa Naeko, fundi Naeko. Tunatoa pole tukijua kwamba sisi pia tulimkosea.

Na tunawaomba, kila mmoja alipo, ajiulize ni kitu gani anakijua ambacho mtu mwingine anakihitaji na hajamwambia. Namna ya kutega vyungu kwenye mkondo wa kusini. Kiasi cha chumvi ambacho mama zenu walitia kwenye figili. Jina la baba wa mtu. Usisubiri aibe kwa macho. Mwambie leo, kabla ya chakula.

Ijumaa iliyopita fundi mmoja mstaafu wa ng'ambo ya mlango wa bahari alipiga simu hapa studioni. Alikuwa amesikia tunachokusudia kufanya. Alisema, "Mkisoma kipimo kile hewani, mmemuua mara ya pili." Tulimpelekea Naeko ujumbe huo. Akasema, "Mwulizeni ubao wake yeye una uongo gani." Tulimwuliza. Akakata simu.

Tulimwomba ruhusa Bi. Tokie pia, kwa sababu ni mjane wake. Alisema, "Someni. Hayupo wa kuizima radio."

Kwa hiyo chukueni kalamu. Mashua ya mbao ya injini, urefu mita tano na nusu, kama alivyoijenga Suwabe Kanjiro. Vipimo tisa vya ubao ni vya kweli. Cha kumi, kuinuka kwa ubao wa chini kutoka katikati hadi tezi, kwenye ubao kimeandikwa sun mbili na nusu. Huo ni uongo. Kipimo cha kweli ni bu nne. Tunarudia: bu nne. Ni sentimita moja na milimita mbili.

Naeko amekata kile cha uongo kwa mstari mmoja na kuandika cha kweli pembeni, kwa wino mwekundu. Ubao umetolewa bandani. Sasa umetundikwa nje ya ofisi ya ushirika, upande wa kushoto, karibu na mashine ya kahawa. Mashine ile haizimwi, na taa yake inatosha kuusoma saa yoyote.